Kinyonga wa Taa Tatu: Uliza Haya Kabla Hujatoa Shamba Lako kwa Majaribio

Leo siongelei viwavi wala bei ya nyanya. Naongelea nguzo.

Nguzo yenyewe iko kwenye shamba la mama mmoja huku Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Ni bomba la chuma linalozidi kidogo kimo cha mtu, juu yake kuna kisanduku cheupe na paneli ndogo ya sola. Ilisimikwa misimu kadhaa iliyopita na mradi mmoja wa utafiti ambao jina lake tuliache. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa udongo na kutuma taarifa kwa mtandao. Kiangazi cha kwanza kilipita vizuri. Masika ikaingia, ukungu ukashika siku nyingi mfululizo, betri ikaisha, laini ya simu iliyokuwa ndani nayo ikafungwa. Fundi hakurudi. Majibu ya kile kilichopimwa hayakurudi pia. Leo ile nguzo inabeba maharage ya kupanda, na yanazaa vizuri tu.

Sasa, aliyemshawishi yule mama atoe kipande cha shamba ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama, hii ni teknolojia, itatusaidia." Kila nikipita pale naiona ile nguzo, na naamini naye ananiona ninavyoiangalia.

Mwezi uliopita mtendaji wa kijiji akaniita. Kuna wageni wengine. Wanatafuta mashamba machache ya kuweka vihisi vya unyevu, au sensa kama vijana wanavyoviita, ili watafiti wa nchi mbalimbali waone taarifa kwa pamoja. Nikaenda kwa mama yule yule. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Bwana shamba, hicho kifaa kitasema na mimi, au kitasema na wao?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimekaa nikatafuta, na niliyoyapata ndiyo haya hapa.

SHAMBA LA MAJARIBIO LA PAMOJA NI NINI?

Shamba darasa tunalifahamu wote. Wakulima ishirini, thelathini, wanakutana kwenye shamba moja, wanapanda mbegu mbili au tatu, wanalinganisha, kila mtu anaondoka na alichokiona kwa macho yake. Shamba la majaribio la pamoja ni wazo hilo hilo limetanuliwa. Watafiti wa nchi kadhaa wanakubaliana kutumia kifaa cha aina moja na kupima kwa namna moja, kisha matokeo yote yanawekwa mahali pamoja ili walinganishe.

Kwa nini waje mpaka kwetu? Kwa sababu kifaa kinachofanya kazi maabara kinaweza kugoma shambani. Kihisi kilichozoea udongo wa kichanga kinaweza kudanganya kwenye mfinyanzi mwekundu. Paneli ya sola inayochaji vizuri Dodoma inaweza kufa njaa kwenye ukungu wa Uluguru. Simu yenye mtandao mzuri mgongoni mwa mlima haina hata kijiti kimoja bondeni. Mambo haya hayajulikani mpaka kifaa kikae shambani, msimu baada ya msimu.

Maana yake ni nini? Wanatuhitaji. Shamba lako ndiyo maabara yao, na anayetoa maabara ana haki ya kuuliza maswali.

KINYONGA WA IRINGA

Mfano ulionisaidia zaidi hauko mbali. Uko kwa jirani zetu wa Iringa, kwenye skimu mbili za umwagiliaji: Kiwere na Magozi. Kuanzia mwaka 2013 ulifanyika utafiti wa pamoja katika nchi tatu, yaani Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, fedha zikatoka ACIAR, shirika la Australia linalogharamia utafiti wa kilimo wa kimataifa. Kwa upande wetu mshirika alikuwa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam.

Moja ya vifaa walivyopewa wakulima kimepewa jina la kinyonga: Chameleon. Kilibuniwa na mtafiti Richard Stirzaker na wenzake wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya Australia. Jina linatokana na kazi yake, maana kinabadili rangi. Vihisi vinafukiwa kwenye kina tofauti, kimoja juu, kingine katikati, kingine chini kwenye mwisho wa mizizi. Ukiunganisha nyaya zake na kisomeo kidogo cha mkononi, taa tatu zinawaka, moja kwa kila kina:

- Bluu: udongo umelowa.
- Kijani: unyevu ni wa kadiri.
- Nyekundu: udongo umekauka, mmea unavuta maji kwa shida.

Basi. Hakuna namba za kusoma. Asiyejua kusoma na aliyemaliza chuo wote wanaona rangi moja. Kisomeo hicho hicho kikipata mtandao kinatuma rangi kwenye kumbukumbu za pamoja, na mtafiti aliye Australia anaona shamba la Kiwere msimu mzima likiwa limechorwa kwa bluu, kijani na nyekundu.

Kifaa cha pili ni kama faneli inayofukiwa ardhini. Maji yakishuka mpaka kwenye kina chake, kialama kinachomoza juu: maji yamefika huku. Humo ndani unaweza kuvuta maji kidogo kwa bomba la sindano, ukachovya karatasi ya kupimia, ukajua kama naitreti ya mbolea yako imeshuka na maji.

Wakulima waliona nini? Wengi walikuwa wanamwagilia wakati taa ni bluu juu mpaka chini. Yaani walikuwa wanamwaga maji juu ya maji. Na maji ya ziada hayaondoki peke yake, yanashuka na mbolea mpaka chini ya mizizi. Mtu ananunua mfuko wa yurea kwa fedha nyingi, halafu anausafirisha kwenda kuzimu kwa mfereji wake mwenyewe. Walipopunguza idadi ya kumwagilia, maji yalibaki kwa walio mwisho wa mfereji, ugomvi wa zamu ukapungua, muda ukapatikana wa kufanya kazi nyingine, na mavuno hayakushuka kama walivyoogopa. Wengi walisema yalipanda. Hata wasio na kifaa wakaanza kuangalia jirani anafanyaje.

Lakini vifaa havikuja peke yake. Kila skimu iliunda jukwaa la wadau: wakulima, wauza pembejeo, wanunuzi, maafisa wa halmashauri, watafiti. Kukabana kwa maji bila soko na mbegu nzuri hakujazi mfuko wa mtu. Hili nalisisitiza kwa sababu miradi mingi inaleta kifaa na kusahau kikao.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mama. Kinyonga wa Iringa alisema na mkulima kwanza. Taa iliwaka mbele ya macho yake, hapo hapo shambani, kabla taarifa haijaenda popote. Kisanduku cha Mgeta kilisema na watu wa mbali tu, na kilipokata mawasiliano nao kikawa nguzo ya maharage.

MAJANI YA BAGAMOYO

Mfano wa pili unawahusu zaidi ndugu zangu wa tambarare mnaolima mihogo. Ipo programu ya simu janja inaitwa Nuru. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakwambia kama ni batobato, michirizi kahawia au utitiri. Imetokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki yenye watafiti wake hapa nchini. Picha za kwanza za kuifundisha kutambua magonjwa zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo. Kwa hiyo majani yetu ndiyo yaliyokuwa mwalimu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kompyuta ikitambua sahihi picha 93 katika kila 100. Unasikia hivyo unasema kazi imekwisha. Haikwisha. Walipojaribu kwa simu shambani, kwenye jua na upepo, usahihi ulishuka, hasa kwa majani yenye dalili hafifu. Wakarudi kurekebisha. Hilo ndilo faida ya kujaribu shambani: kosa linaonekana mapema, kabla mkulima hajang'oa mhogo mzima kwa ushauri wa simu. Na jambo jingine zuri: Nuru inafanya kazi bila intaneti. Waliojenga walijua bando haliko kila mfukoni.

ULUGURU TULISHAJARIBIWA ZAMANI

Wazee wa Matombo wanaijua hii hadithi kuliko mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Dawa yao ilikuwa matuta makubwa ya ngazi, kwa lazima, mlima mzima. Sehemu nyingi udongo wa juu ulikuwa mwembamba. Ukichimba ngazi unafukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo mfu. Watu walitoka jasho kuchimba, kisha mahindi yakanyauka. Mwaka 1955 zikazuka vurugu Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaja kuachwa.

Lakini huku Mgeta ngazi zipo mpaka leo, na mboga zinaota juu yake. Mlima ni mmoja. Tofauti ni kwamba huku maji ya kumwagilia yapo, mboga zina soko, na mtu akichimba ngazi anaona faida mfukoni. Kama wale mabwana wangejaribu kwanza kwenye mashamba machache pamoja na wenyewe, wangeijua tofauti hii bila mtu kufa.

Mfano mwema pia tunao hapa hapa. Mbuzi wa maziwa wa Norway walikuja Mgeta miaka ya 1980 kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Wanorwe. Wapo mpaka leo, kwa sababu mbuzi alikaa kwenye banda la mkulima, mkulima akamkamua, akaonja maziwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa matokeo kwenye semina.

MASWALI SITA YA KUULIZA

Mtu akija na kifaa, muulize haya. Uliza mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na majibu yaandikwe.

1. Majibu nitayaona wapi? Kama jibu ni "kwenye kompyuta yetu", mwambie aongeze taa, kioo au ujumbe mfupi wa Kiswahili kwenye simu yako. Kifaa kisichosema na wewe si chako.

2. Nani atakitunza? Betri, bando, kufuta vumbi kwenye paneli, kuzuia panya wasitafune nyaya. Kijana wa hapa kijijini afundishwe na alipwe. Fundi wa kutoka mjini anakuja mara moja, barabara ikikatika masika haji tena.

3. Nikipata hasara je? Ukiambiwa upunguze maji na kabichi zikafa, nani analipa? Anza na nusu ya shamba. Nusu nyingine lima kama ulivyozoea. Hiyo ni kinga yako, na kwa mtafiti ni kitu cha kulinganishia.

4. Taarifa zangu zitatumikaje? Jina lako, namba yako ya simu na mahali shamba lilipo ni taarifa zako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Una haki ya kuelezwa zinakusanywa kwa kazi gani na nani atapewa. Usiweke dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza usiyosomewa.

5. Kibali kiko wapi? Mtafiti kutoka nje anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua za kupitia mkoa, halmashauri mpaka kijiji. Kuomba kuziona si utovu wa adabu. Mtafiti wa kweli anazo kwenye begi.

6. Mradi ukiisha itakuwaje? Kifaa kinabaki au kinang'olewa? Kikibaki, kitafanya kazi bila wao? Na matokeo yatasomwa lini kwenye mkutano wa kijiji?

WAKATI UNASUBIRI KIFAA, TUMIA MKONO

Usikae unasubiri kinyonga. Somo la Iringa unaweza kulianza kesho asubuhi kwa jembe.

Kabla ya kufungulia maji, chagua sehemu tatu shambani: juu ya mteremko, katikati na chini. Chimba katikati ya mistari, usikate mizizi mikubwa, mpaka kina cha sentimita 30 hivi, maana sehemu kubwa ya mizizi ya kabichi na karoti iko humo. Chukua udongo wa chini ya shimo, ufinye kiganjani.

- Ukitoa maji au ukiacha kiganja kimelowa chapa: usimwagilie.
- Ukifanya donge linaloshikamana na mkono unahisi ubaridi: bado, subiri, kesho upime tena.
- Donge likivunjika ukiligusa tu, au udongo ukimwagika kama unga: mwagilia.

Udongo wa kichanga haufanyi donge gumu hata ukiwa na unyevu, kwa hiyo huko sikiliza ubaridi zaidi kuliko donge. Andika kwenye daftari tarehe, ulichokiona na kama ulimwagilia. Ukishafanya msimu mmoja, daftari lako ni utafiti.

Mimi na yule mama tulichimba pamoja siku aliyonipa lile swali. Alikuwa amejipanga kufungulia mpira mchana huo, kwa sababu ilikuwa zamu yake na juu udongo ulikuwa mkavu kabisa, unatimka vumbi. Chini ya kiganja kimoja tu cha kina, donge. Sentimita thelathini, donge tena, baridi. Akaliangalia kwa muda. Akamwita jirani wa chini, akamwambia achukue zamu yake. Yule jirani alikuja mbio kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili mawazo.

KIKAO NA WAGENI

Wiki iliyopita wageni walirudi, tukakaa ofisi ya kijiji. Mama akauliza swali lake lile lile, safari hii kwao. Kijana mmoja wao akakiri kwamba kifaa walichokuja nacho hakina kioo wala taa, kinatuma tu. Wakazungumza wenyewe pembeni, wakarudi wakasema taa inawezekana kuongezwa. Wakakubali kumfundisha kijana wa kijiji na kusoma matokeo kwenye mkutano kila mwisho wa msimu. Barua walikuwa nazo, tukaziona.

Lililobaki ni swali la tatu, la hasara. Walisema hawana fungu hilo, wanakwenda kuuliza kwa wakubwa wao. Mama akawaambia vizuri tu, bila hasira: "Nendeni mkaulize. Nguzo ya kwanza imezaa maharage, sitaki ya pili izae maboga."

Tukiwa njiani kurudi nilimwomba radhi kwa ile nguzo. Nilipaswa kuuliza maswali haya kabla yake, ndiyo kazi ninayolipwa. Akacheka, akasema nimlipe kwa kumletea mbegu nzuri ya kabichi. Nimeahidi.

Wageni bado hawajarudi na jibu. Wakirudi nitawaandikia hapa yaliyofikiwa, mazuri na mabaya. Kwa sasa chukua jembe, chimba sentimita 30, finya udongo. Ukikutana na jambo usilolielewa, niulize mimi au bwana shamba wa kata yako.

Tukutane shambani.